Pamba Iliyojaa Nyumba ya Mama

Nilifika Kanyangi na mfuko wa muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, begani na hasira yangu ya kawaida kifuani. Mama hakuwa jikoni. Niliita, akajibu kutoka chumba cha watoto, chumba ambacho mimi na ndugu zangu tulilala miaka yote ya utoto wetu. Niliposukuma mlango ulifunguka upana wa bega tu, ukagoma. Ndani kulikuwa na pamba. Ilikuwa imepanda kutoka sakafuni hadi karibu na mabati, imefunika kitanda, imefunika dirisha, na mama alikuwa ameketi katikati yake kama kuku anayeatamia, akichukua donge moja moja na kuligeuza kwenye mwanga wa mlangoni.

"Ingia polepole," alisema. "Usikanyage ya huku. Hii nishaitoa nyuzi."

Nilimuuliza amekula nini. Akasema chai. Nikamuuliza chai na nini, akasema nisimhoji kama askari. Basi nikaenda kuchemsha yale mahindi niliyoleta, tena nje chini ya jua, kwa sababu alikuwa amepiga marufuku moto karibu na nyumba. Kuni zilikuwa mbichi na moshi ulinitoa machozi, nami nikaushukuru moshi, maana machozi yalikuwa yanakuja hata hivyo.

Pamba haiingii chumbani kwa miguu yake, kwa hiyo nieleze ilivyofika.

Mimi ni fundi wa nguo. Niliolewa Makueni, na nina cherehani mbili katika soko la Kathonzweni, ninakoshona sare za shule na nguo za kwaya. Cherehani zimetoka Uchina, sindano vilevile, uzi vilevile, na mtu akiniambia kitambaa chake kimetoka kwingine huwa namtazama tu. Sijawahi kulionea aibu jambo hilo. Mtu hula mkate wake bila kuuliza ngano ilivuka bahari gani.

Mama yangu alibaki Kanyangi baada ya baba kufariki, akilima ndengu, mbaazi, kunde na mtama, na akiongoza mwethya wa akina mama wa pale. Mwethya ni kundi la kulimiana: leo tunapalilia kwako, wiki ijayo kwangu, na asiyekuja bila sababu hutajwa. Mama alikuwa mwenyekiti kwa muda mrefu hata watu waliacha kupiga kura. Alikuwa na sauti ya kuongoza, na alikuwa mkaidi. Ukaidi huo ndio niliorithi mimi, sauti hakunipa.

Jumapili moja, baada ya ibada, mchungaji alimpisha kijana mmoja wa jinari, yaani kile kiwanda kinachotenganisha pamba na mbegu zake. Nilikuwepo, nimekwenda kumsalimia mama. Kijana alikuwa na adabu, viatu vyake vilikuwa na vumbi kama vyetu, na aliongea Kiswahili chepesi kilichochanganyika na Kikamba.

"Wamama, sikizeni," alisema. "Marekani imekataa nguo za pamba ya Uchina. Imekataa kabisa. Sasa hizi kampuni zinashona suruali za kupeleka Marekani zinatafuta pamba yenye haina kelele. Nyinyi mko na ardhi, mko na jua. Mkipanda, sisi tunanunua yote."

Mzee mmoja aliuliza kwa nini hao wawili wamekosana. Kijana alisema ni maneno marefu, mengine ya siasa, mengine ya watu wanaoteswa mashambani huko, mengine ya nani awe mkubwa. Akasema pia kwamba pamoja na kukosana kwao bado wanauziana kila kitu, simu, magari, soya, na kwamba hakuna anayeweza kuvaa asubuhi bila mwenzake. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu niliona ni kama mke na mume wa jirani yetu fulani wa Kathonzweni, wanaotukanana mpaka soko zima linasimama halafu wanakwenda nyumbani kula sahani moja.

Mama hakucheka. Alikuwa amekaa wima, na niliujua wima ule. Baba yake alilima pamba upande wa Ikutha zamani, na kwa pamba hiyo mama alisoma mpaka darasa la saba, jambo ambalo wasichana wengi wa umri wake hawakulipata. Kisha pamba ilikufa, jinari za zamani zikafungwa, mitumba ikaja, na mama akawa akiizungumzia pamba vile wengine wanavyomzungumzia ndugu aliyepotea mjini. Sasa mtu alikuwa amesimama kanisani akisema ndugu huyo amepatikana.

Wiki iliyofuata aliwaita wanawake wa mwethya. Sikuwepo, lakini jirani yake mjane, mwenye watoto wanne na shamba dogo kando ya lile la mama, alinisimulia baadaye bila kupunguza neno. Wanawake wengi waliogopa. Walisema ndengu ukikosa kuiuza unaila, pamba ukikosa kuiuza utafanya nini nayo. Mama aliwaambia kwamba ndengu wameiuza kwa madalali miaka yote na bado wanaombana chumvi. Akawaambia hii safari mnunuzi ni Marekani, hawezi kukimbia. Mjane alisita kuliko wote, na mama akamwambia, "Panda. Ikikataa, utakula kwangu."

Nilipopata habari nilipanda gari nikaja kugombana. Nilimwambia asiweke shamba lote. Alinisikiliza akipepeta mtama, kisha akasema, "Wewe umeolewa Makueni. Unashona kitambaa cha Wachina, hakuna mtu amekuuliza. Wacha mimi nilime cha Wamarekani." Alibakisha ukanda mwembamba wa kunde karibu na choo. Nikarudi Kathonzweni nikiwa nimeshindwa, na nilimkatia mteja sketi fupi kuliko alivyotaka kwa ajili ya hasira tu.

Lakini mvua ilikuja vizuri, na lazima niseme ukweli: pamba ilipopasuka, shamba la mama lilikuwa zuri. Nilimwona mama akisimama pembeni mwa shamba mikono nyuma. Nilifurahi kwa ajili yake. Niliwaza pengine mimi ndiye mjinga.

Kuchuma kulifanywa kwa mwethya, na hapa ndipo kosa lilipoingia, ingawa wakati ule lilikuwa heshima. Kwetu huendi kwenye shamba la mwenzako na chombo kibovu. Ukienda kuvuna kwa mtu ukiwa na kiondo kilichotoboka au gunia la viraka, ni kama unasema mavuno yake si kitu, au umekuja kuomba. Kwa hiyo kila mwanamke alinunua magunia mapya ya nailoni, yale meupe yanayong'aa, yanayotoka Uchina kwa mabunda na kuuzwa katika kila duka la Ukambani. Vyondo vya mkonge vya zamani viliachwa nyumbani vimetundikwa. Magunia yalioshwa ili yasiwe na harufu ya dukani, yakaanikwa kwenye ua, na midomo yake ikakatwa kwa kisu ili iwe mipana. Na gunia lilipojaa, walifanya kile sote tunachofanya tangu utotoni: unavuta nyuzi mbili tatu kutoka ukingoni mwa gunia lenyewe, unazisokota kwenye paja, unafunga nazo. Nani anunue kamba wakati gunia lina kamba yake?

Mchumo wa kwanza ulinunuliwa wote. Lori la jinari lilikuja mpaka sokoni, wanawake wakaimba, mama akanipigia simu akiwa anapiga kelele kana kwamba mimi ni kiziwi. Wakarudi shambani kwa nguvu mpya, na ule mchumo wa pili, ambao ndio ulikuwa mkubwa, wakaujaza majumbani wakingojea lori.

Badala ya lori alikuja yule kijana, kwa bodaboda, na kipande cha kitambaa cheusi mfukoni. Mara hii pia nilikuwepo, kwa sababu nilikuja kuchukua zawadi ya mavuno ambayo mama alikuwa ameniahidi. Kijana alikikunjua kitambaa juu ya meza ya mama. Kilikuwa kimefumwa vizuri. Lakini hapa na pale kulikuwa na vijistari vyeupe, vyembamba, vingine virefu kama kope, na kila kimoja kilionekana wazi kwenye weusi ule. Nilijua kabla hajafungua mdomo, maana nailoni haishiki rangi ya pamba, na mshonaji yeyote amewahi kuonja uchungu huo.

"Hii imetoka kwa pamba ya hapa," alisema. "Uzi wa gunia umeingia ndani. Mashine haiuoni, nyeupe kwa nyeupe. Unaonekana tu baada ya kutia rangi. Kitambaa chote kimerudishwa."

Wanawake wa mwethya walikuwa wamejaa chumbani. Mjane alikichukua kile kitambaa, akakisogeza karibu na macho, akajaribu kuung'oa uzi mmoja kwa kucha. Ulikuwa umefumwa ndani na haukutoka.

Kijana hakuwa katili. Alisema jinari bado inataka mchumo wa pili, lakini uwe umetolewa nyuzi zote, na safari ijayo watumie magunia ya katani au vyondo vyao vya zamani. Mama alimuuliza kwa nini hakuwaambia mapema. Akasema alisema, siku ya kugawa mbegu, katikati ya maneno mengine mengi. Inawezekana alisema. Sisi tulisikia nafasi za kupandia, bei na Marekani.

Basi mwethya ukaanza kazi ambayo sijawahi kuisikia popote. Walivuna tena, kinyume. Asubuhi jua likishapanda walitoa pamba nje, wakaitandaza juu ya mashuka, wakaketi wakilipa jua mgongo, na kuigeuza mbele yao donge kwa donge. Nailoni humetameta kidogo jua likiigonga kwa upande, na ndiyo njia pekee ya kuiona. Ukiona mmeto unaubana kwa kucha, unavuta. Wingu likipita, kazi inasimama, watu wanangoja wakitazama juu. Macho yao yaliwasha na kuvimba. Upepo ukija, wanalala juu ya mashuka kwa miili yao ili pamba isiruke. Hawakuimba. Nilikaa nao siku kadhaa nikitumia macho yangu ya ufundi, na kila nilipodhani donge limetakata nililigeuza nikakuta uzi mwingine. Nililichukia gunia na kiwanda kilicholifuma. Niliwachukia hata Wamarekani na suruali zao nyeusi, kwani wangekufa wakivaa za kijivu?

Wakati huo chakula kilikuwa kinakwisha. Ukanda wa kunde ulikuwa umeshachumwa mpaka majani ya mwisho. Mama aliswaga mbuzi wake hadi soko la Ikutha, akawauza kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu kutoka kaskazini mashariki ambaye amekuwa akinunua mifugo pale tangu nikiwa msichana. Mama alirudi akiwa na unga na sukari, nusu akapeleka kwa mjane. Safari ya pili yule mfanyabiashara alimtazama mbuzi aliyeletwa, akaona kiwele, akamwambia, "Mama, huyu nikimchukua utakunywa nini? Rudi naye. Mimi nitakuwepo mwezi ujao." Mama alirudi naye. Akabaki na huyo mmoja.

Mimi nilikuwa nikileta muthokoi na unga kutoka Kathonzweni, na mume wangu alianza kuuliza kama nimeolewa na nyumba mbili. Nilimjibu vibaya. Ile siku niliyoikuta pamba imerudishwa chumba cha watoto, na mama katikati yake, ilikuwa karibu na mwisho wa kazi ile. Alikuwa ameacha kungoja wenzake. Akiamka anaanza, jua likizama anasogea mlangoni kufuata mwanga. Alikuwa amekonda hata kitambaa chake cha kichwa kilionekana kikubwa. Nilimwambia apumzike, akasema, "Mimi ndio niliwaambia wapande."

Hilo tu ndilo alilokuwa akilitaka. Hakutaka utajiri tena. Alitaka pamba ile ikubaliwe, ili neno lake kwa wale wanawake lisiwe uongo.

Walipomaliza walikodi lori kwa kuchangishana, na mama akanitaka niende naye jinari kwa sababu mimi nazijua nguo. Pamba ilikuwa imefungwa kwenye mashuka, mashuka ya vitanda vyao halisi, ya maua na ya mistari, yameshonwa kwa uzi wa pamba ambao mimi mwenyewe niliutafuta soko zima la Kathonzweni. Tulikaa mbele na dereva. Mama alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

Geti lilikuwa limefungwa. Askari wa geti alisema hakuna kazi. Nilimwambia tumeitwa. Akasema hata yeye aliitwa, na bado hajalipwa. Nilipiga kelele, kipaji changu, mpaka yule kijana akatoka kwa mlango mdogo wa pembeni, bila koti lake la kazi, na ndevu zimemwota.

Alimsalimia mama kwa heshima, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akatuambia. Ule mkataba uliokuwa unaruhusu nguo zetu ziingie Marekani bila ushuru ulikuwa umekwisha muda na hakuna aliyeuongeza. Juu ya hapo Marekani imeweka ushuru mwingine kwa kila mtu, rafiki na adui. Na kile kiwanda cha suruali kimeshikwa katikati: zipu zake ni za Uchina, vifungo ni vya Uchina, kitambaa cha mifuko ni cha Uchina, na Wamarekani wameanza kusema suruali hizo ni za Mchina aliyevaa shati la Kenya. Oda zimesimamishwa. Washonaji wamerudishwa nyumbani. Kiwanda hakinunui kitambaa, na jinari haina wa kumchambulia.

"Lakini hii ni safi," mama alisema. "Fungua uone. Fungua yoyote."

"Mwaitu, naamini," alisema kijana, akimwita mama kwa Kikamba. "Hata ingekuwa imechumwa na malaika. Hakuna mtu wa kununua."

"Tulitoa nyuzi zote."

"Haihusu nyuzi. Sijafungua hata moja."

Niliona jinsi uso wa mama ulivyobadilika, na sikuelewa mara moja. Nilidhani ameelewa habari ya ushuru. Tulipokuwa tumerudi ndani ya lori, njiani, alisema, "Huyo kijana amelelewa vizuri. Hakutaka kuniaibisha mbele yako."

Nikamwambia mama, si hivyo, umesikia, ni ushuru, ni ugomvi wa wakubwa, hakuna aliyeitazama pamba yetu. Akasema, "Watu wakubwa kama hao wagombane kwa ajili ya pamba ya Kanyangi?" Nikasema ndiyo, si kwa ajili ya Kanyangi, lakini inatupata. Nikaeleza tena, kwa Kikamba, kwa mikono, nikatoa mfano wa zipu, mfano wa kifungo, nikamwonyesha lebo ya sweta yake. Dereva aliniunga mkono, alikuwa ameisikia redioni. Mama alitazama barabara. Mwishowe akasema, "Kitambaa nilikiona kwa macho yangu. Ushuru sijauona."

Pamba ikarudi chumba cha watoto na vyumba vya wenzake. Panya wakazaa humo. Baada ya muda dalali mmoja alipita akinunua pamba iliyokwama, kwa bei ambayo haikurudisha hata gharama ya lori. Nilimuuliza inakwenda wapi. Akasema Mombasa, halafu melini, halafu Uchina. Nikamuuliza kama watakagua nyuzi za nailoni. Alinishangaa. "Mama, huko inachanganywa na ya dunia nzima. Nani ataangalia?" Wanawake walikubaliana wauze. Pamba iliyopandwa kwa sababu Marekani haikutaka ya Uchina ilipakiwa kwenda Uchina, na dalali, ili apate nafasi, aliifungua kutoka kwenye mashuka na kuikandamiza ndani ya magunia mapya ya nailoni. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama hakuona la kuchekesha.

Mchungaji alikuja kutufariji na ile methali ya fahali wawili na nyasi. Nilimwambia, kwa heshima iliyokuwa imebaki, kwamba nyasi huota mvua ikinyesha, bali sisi mbegu yetu ya ndengu tuliila. Ilikuwa kweli. Wanawake wengi walikuwa wamepika mbegu ya msimu uliofuata, mama akiwa wa kwanza, ili watoto wa mjane wasilale njaa.

Kisha mama akaitisha mkutano. Hakuniambia ni wa nini, aliniambia tu nije na chumvi. Nilipofika, wanawake walikuwa wameketi uani kwake, na yule mbuzi wa maziwa alikuwa amefungwa kwenye mti, na jamaa mmoja wa boma la jirani ananoa kisu. Hapo nikaelewa.

Katika mwethya wetu kuna sheria moja ya zamani. Mtu akiharibu kazi ya wote, kwa uzembe au kwa ushauri mbaya, huchinja mbuzi na kuwapa wenzake. Wakishakula, neno hilo limezikwa. Hakuna anayeruhusiwa kulitaja tena, si kisimani, si sokoni, si hata wakigombana kwa jambo lingine. Na ambaye hakula ndiye amebaki na kinyongo, na kila mtu atamjua.

Mama alisimama. Alisema kwa ufupi kwamba yeye ndiye aliyewaambia wapande, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kununua magunia mapya, wengine wakamfuata, na pamba imekataliwa kwa sababu ya nyuzi. Akasema anaacha uenyekiti na anatoa mbuzi.

Mimi si mwanachama, lakini nilisimama. Nilisema yote. Nilisema nyuzi zilikuwa kweli lakini si nyuzi zilizofunga geti. Nilitaja ushuru, mkataba, zipu, oda. Nilisema hata wangechuma kwa vyondo vya bibi zao, geti lingefungwa siku ileile. Nilisema kama kuna wa kulipa faini hii wako mbali sana, wanakula sahani moja, na hawajui kama kuna mahali panaitwa Kanyangi. Niliongea nikilia, na nilipomaliza niliona nyuso kadhaa zimeniamini. Mjane alikuwa mmoja wao. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesema ndiyo, najua.

"Mwanangu amesoma," mama alisema. "Ananipenda. Kaa chini sasa."

Nikatazama wale walioniamini, nikingoja mmoja aseme mfungueni huyo mbuzi. Mjane aliinamisha macho. Mtoto wake mdogo alikuwa mapajani, akinyonya kona ya leso yake, akimtazama yule mwenye kisu. Hakuna nyumba pale iliyokuwa imepika nyama tangu mchumo wa kwanza. Nilielewa, na sikuwachukia, nilitamani tu ningeweza kuwachukia.

Mbuzi alichinjwa. Nyama ilichomwa pale pale, mama hakukataza moto tena. Mjane alikuwa wa kwanza kupokea, akala, akamega na kumlisha mtoto. Wakala wote, mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa akizunguka na sinia mwenyewe, na kila mtu alipochukua kipande niliona uso wa mama unatulia kidogo zaidi, kama mtu anayetuliwa mzigo.

Akafika kwangu mwisho. Nilikuwa nimesimama kando ya ukuta. Nilijua nikila nimekubali mbele ya watu wote kwamba mama yangu ndiye aliyeharibu, na kwamba sitalisema tena lile nililolisema. Nisipokula, nimemwambia mbele ya watu haohao kwamba nina kinyongo naye. Nilitaka kuitupa sinia ile ifike Marekani, halafu irudi ipitie Uchina.

"Chukua," mama alisema kwa sauti ya chini, akinisogezea sinia. "Usiniache hivi."

Nilichukua kipande cha ubavu. Wanawake walinitazama mpaka nikameza. Nyama ilikuwa laini, na mimi pia nilikuwa na njaa.